Taipureta ya Mkononi na Watu Wanane wa Nkuba

Mlandege, Iringa
4 Septemba 1975

Bi. Damari, shikamoo.

Barua hii naiandika kwa mkono ingawa mimi ni mpiga taipu, na ukinisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini wiki hii sina hamu ya kugusa mashine yoyote, maana nimekosa, na kosa langu limewaangukia watu walioniamini, na mume wangu halijui bado.

Mimi napiga taipu barazani kwa fundi cherehani hapa Mlandege, mwaka wa sita sasa, maombi ya kazi, kumbukumbu za mikutano ya usharika, orodha za vijiji, na mashine yangu ni ile kubwa ya mezani niliyoinunua misheni walipopata mpya, chuma kitupu, kuinyanyua ni watu wawili, lakini haijanitupa hata siku moja. Mwanzoni mwa mwezi wa nane mume wangu Liberatus, ambaye ni mwalimu, akapata uhamisho wa kwenda Mbeya, tunatakiwa tuwe tumehamia kabla ya Krismasi, na nyumba tuliyopewa ni chumba kimoja na sebule ndogo, basi akaitazama mashine akasema, "Evarista, hili lichuma litakaa wapi? Kitandani, sisi tulale chini?" Siku hizo hizo mhandisi mmoja wa barabara alikuwa anarudi kwao Ulaya, anauza taipureta yake ya mkononi kwa bei ambayo hata mimi naiweza, akaniambia nikae nayo mwezi mzima, ikinifaa nilipe, isiponifaa nirudishe. Liberatus akasema Mungu ametujibu, uza kubwa, chukua ndogo.

Na kusema kweli niliipenda, Bi. Damari. Inaingia kwenye sanduku lake lenye mkono, haizidi uzito wa jogoo wawili, herufi zake nyembamba na safi, na barua ya kurasa mbili naimaliza kabla vidole havijachoka. Nikajiambia, ya nini tena kuhangaika na lile lingine?

Ndipo akaja Mzee Limbu. Huyu ni mfugaji, yeye na wenzake walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakahamia bonde la Usangu, na sasa kijiji kipya kinapimwa huko, kila kaya inapewa shamba kwa hesabu ya watu wake. Walitakiwa kupeleka orodha ya kaya kumi na nne, nakala sita, na mara mbili alikuwa ameshanifuata Iringa na mara mbili majina yakakosewa, kwa sababu anayataja yeye peke yake kwa niaba ya wote. Nikamwambia, "Mzee wangu, safari hii nakuja mwenyewe." Nikapanda basi mashine ikiwa mapajani, nikashuka Igawa, wakanipokea, nikaiweka juu ya kreti ya soda uani kwa Mzee Limbu, na kila mwenye kaya akaja kuchuchumaa mbele yangu akataja jina lake kwa kinywa chake, mimi nikimsomea, yeye akinisahihisha. Baba mmoja anaitwa Nkuba akaniambia, "Andika nane, mama. Mimi, mama yao, na sita." Sijapata kufanya kazi nikaifurahia namna ile, na kwa lile lichuma langu nisingeweza kabisa.

Lakini nilipachika karatasi sita kwa mpigo, na kaboni tano katikati, kama nilivyozoea kwenye mashine kubwa. Nakala ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya nne unasoma kwa kukaza macho, ya tano na ya sita kama moshi. Nami niliona, Bi. Damari. Niliona kabisa. Ila basi la kurudi lilikuwa linakaribia, nikazipanga zile safi juu, zile mbovu chini, nikamkabidhi mzee na kumuaga.

Zile safi zikaenda wilayani na mkoani. Kijijini ikabaki ya tano kwa Mzee Limbu, na ya sita kwa karani anayegawa mashamba. Juma lililopita akaja Roza, binti wa Mzee Limbu, akakunjua karatasi mezani pangu.

"Shikamoo, mama. Baba anauliza, hapa kwa Baba Nkuba ni nane au ni tatu?"

"Ni nane," nikasema.

"Karani amesoma tatu. Wamempimia shamba la watu watatu."

Fundi cherehani alikuwa anasikiliza, na wateja wangu wawili walikuwa benchini, nikaona haya, nikamwambia, "Mmeikunja vibaya njiani, tena kwa mikono yenye jasho." Roza akaitazama ile karatasi, akasema, "Haya, mama," akaikunja polepole, akaondoka. Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Mkutano wa kuthibitisha mashamba ni tarehe ishirini na nane. Je, nikawaambie ukweli, na jina langu liharibike Usangu nzima? Na hii taipureta ya mkononi, niinunue niuze kubwa kama mume wangu anavyotaka, au niirudishe isije ikaniponza tena?

Evarista

* * *

Evarista, marahaba.

Nilikujibu kwa posta siku ileile, kwa sababu mkutano wa Usangu haungoji gazeti. Sasa majibu yale nayachapa hapa gazetini kwa ruhusa yako na ya Mzee Limbu, maana najua kuna wapiga taipu wengi wenye swali kama lako.

Pole kwa uhamisho, na pole kwa kukosa usingizi. Pole zimekwisha. Sasa nisikilize.

Usiisingizie mashine. Mashine ile ilikuonyesha udhaifu wake palepale juu ya kreti, ukauona, ukauficha chini ya karatasi nzuri. Kisha mtoto wa watu akatoka Usangu mpaka Iringa kukuuliza kwa adabu, ukamwambia mikono yake ina jasho. Hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi, nawe unajua. Unaogopa jina lako litaharibika ukisema? Roza ameshajua, mwanangu. Ile "haya, mama" yake ni ya mtu aliyejua.

Kwa hiyo kesho asubuhi keti kwenye mashine yako kubwa, upige orodha ile upya, nakala tatu, halafu tatu nyingine. Idadi ya watu iandike kwa tarakimu na kwa maneno: 8, nane. Ile ya mwisho mpe fundi cherehani aisome; akikwama popote, rudia. Kisha panda basi uzipeleke mwenyewe, usimtume mtu. Ukifika usianze na habari za kaboni. Anza na Roza, umwombe radhi mbele ya baba yake. Halafu nenda naye Mzee Limbu kwa karani kabla ya mkutano, useme kosa ni lako. Na Liberatus umwambie kabla hujaondoka, ajue nauli inakwenda wapi.

Sasa mashine. Mimi nilipiga taipu ofisini miaka kumi na moja kabla sijapewa safu hii, na za mkononi nimezitumia tatu. Ni mashine nzuri. Kwa barua, kwa maombi ya kazi, kwa nakala mbili tatu, inakutosha, tena inakufikisha mahali mteja alipo, na hilo ulilionja mwenyewe: majina yale yalitoka sahihi kwa sababu ulikwenda. Lakini mikono yake ya kupigia herufi ni myembamba, haina nguvu ya kupenya kaboni tano. Karatasi pana ya orodha kubwa ya kijiji kizima haiingii. Tena ichunguze herufi a. Kiswahili chetu kinaila a kuliko herufi zote, na mashine hizi za Ulaya hazikulitegemea hilo. Kama mkono wa a umeanza kulegea baada ya mwezi mmoja tu, mwambie mhandisi apunguze bei au aichukue. Uliza pia utepe wake wa wino. Kama haupatikani dukani Iringa wala Mbeya, unanunua sanduku zuri la kuwekea chumvi.

Inaweza kuchukua nafasi ya ile kubwa? Kwa mwenye kuandika barua zake, ndiyo. Kwako wewe unayelishwa na orodha za vijiji, hapana. Ikipita mitihani hiyo, inunue kwa safari. Kubwa usiiuze mpaka umekaa Mbeya miezi mitatu ukawajua wateja wako. Na mumeo mwambie, kwa heshima zote, kwamba chuma kile kimemsaidia kulisha nyumba miaka sita, na mahali pa kukaa patapatikana kabla ya mahali pa kabati la vyombo.

Damari

* * *

Siku kumi na mbili baadaye nilipata karatasi hii, imepigwa taipu vizuri. Naiweka kama ilivyo.

Bi. Damari, nimefanya kama ulivyosema. Liberatus alinuna kutwa nzima, kisha jioni akatoa kamba akapima ukuta wa sebule ya Mbeya kwa kukisia, akasema meza itaenea kama tutaacha kiti kimoja. Mkono wa a ulikuwa umelegea kweli, mhandisi akapunguza, nikainunua.

Usangu nilimwomba Roza radhi mbele ya watu wengi kuliko nilivyopanga, maana walikuwa wamekusanyika. Nikampa nakala ya sita, aisome yeye. Akasoma kaya zote kumi na nne bila kusita. Mzee Limbu alinikaripia mbele yao, kisha akaniletea maziwa. Karani alifuta tatu akaandika nane, na shamba limepimwa upya.

Nkuba hakunigombeza. Alisema tu kwamba tangu wahesabiwe watatu, watoto wake walikuwa wanabishana ni nani kati yao ameachwa. Kisha akawaita wote sita pale palipowekwa kigingi kipya, akawashika kichwa mmoja mmoja, kuanzia mkubwa mpaka yule wa mgongoni, na kila mmoja akamwambia, "Umo."