Mgongo wa Mjomba na Kitanda cha Zaharia

Moroni

Mama yangu,

Shikamoo mama. Miye mzima, sijui nyinyi huko Unguja. Kifua chako vipi, bado kinakubana asubuhi? Na paa la jikoni mmeshaziba?

Najua unayetaka habari zake ni kaka yako. Mjomba Bakari yu hai, na vidole vya miguu vinacheza. Lori lilikuwa limesimama Patsy, kule kisiwa cha pili, mlangoni kwa mama mdogo, mamake Zaharia, mjomba yuko juu anashusha kitanda cha Zaharia. Harusi yake imekaribia, na hapa mjomba ndiye anayemtilia bibi harusi kitanda ndani. Akateleza, akaanguka chali. Wakamleta Moroni kwa ndege kwa sababu daktari mgeni wa mifupa yuko huku. Wamempasua mgongo, wamemtia chuma.

Nikimaliza kubeba mizigo sokoni Volo Volo nakwenda kukaa naye. Wale askari wa kizungu wanaomlinda rais wakinisimamisha njiani natazama chini, wananiachia.

Sasa sikiliza, mama. Operesheni ya mgongo haiandikwi kwa neno moja. Bi Echata, anayeandika hesabu za wagonjwa, alinionyesha. Kufungua mgongo kuna herufi na namba yake, kuunganisha mifupa kuna yake, chuma yake, hata kile kipande cha mfupa walichokitoa nyongani nacho kina yake. Mwisho anaandika mtu aliumia wapi, kazini au nyumbani. Ikiwa kazini analipa tajiri. Ikiwa nyumbani, sisi.

Na tajiri wake mjomba, mwenye lori, alikuja mwenyewe kutoka Hombo, kisiwa kile kile cha Patsy. Si mtu mbaya. Akasema, "Waandike kazini. Lori langu, dereva wangu."

Mjomba akamjibu, "Siku ile sikuwa dereva wako. Nilikuwa mjomba."

"Bakari, acha ubishi."

"Patsy watasema nimempelekea mtoto wangu kitanda kwa mshahara. Zaharia atautazama vipi uso wa watu?"

"Wamekufunga mgongo, mdomo wameusahau!" Tajiri akacheka, lakini alimshika mkono asiuachie.

Alipoondoka mjomba akaniambia, nenda kaseme nyumbani. Unanijua nilivyo mbele za watu. Nimefika dirishani, Bi Echata akauliza, "Haya, kazini au nyumbani?" Nilijua nikisema kazini yote yamekwisha, na mjomba kalala huko hata kugeuka hawezi, asingejua.

"Saidi, sauti umeiacha sokoni?"

Mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Kijana, kama unamposa mpose upesi, miguu inatuuma!" Watu wakacheka, masikio yakaniwaka moto.

Nikasema nyumbani. Bi Echata akaniangalia. "Una hakika, mwanangu? Nikishaandika sifuti." Nikamwambia mjomba alikuwa anampelekea mtoto wa dada yake kitanda. Hakuniuliza tena, akaandika.

Mama, zile fedha nilizokuwa naweka nije kukuona Idi hii nimezitoa pale dirishani. Hazikutosha, zilizobaki wamekubali nilete kidogo kidogo. Kwa hiyo siji. Mjomba anadhani ni mchango wa watu wa Patsy, na jana kaniambia nikawashukuru. Nikamwambia nitawashukuru. Ukimwandikia muulize mgongo tu, nauli usiitaje. Na ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua, nipate kusoma maneno yako.

Harusi ipo. Daktari kasema mjomba akivaa mkanda mgumu wa mgongo ataweza kukaa kwenye kiti. Yeye anasema atasimama.

Nisalimie babu, aache kushona gizani. Nisalimie dada na mwanawe, na shangazi wa maandazi, na jirani anayekusomea barua hii. Kaka, hapo pa nauli msomee mama polepole.

Ni miye mwanao, nakuomba radhi zako,

Saidi