Sini ya Mlangoni Hatujaishuti

Kaka Ambele,

Wamehamisha tamthilia yako. Naanza na hilo, nikizunguka nitashindwa kuandika.

Watu wa televisheni walinipigia kutoka Dar. Wakasema pole, halafu wakasema wamempata mwongozaji mwingine, sini zilizobaki zitashutiwa huko huko. Eti kuna uwanja, watapaki malori mawili, itaonekana ni Tunduma, mpakani kwetu! Nikauliza, na Mama Neema? Wakajibu: "Tutatafuta mwingine. Lafudhi ya yule mama inasumbua watazamaji."

Inasumbua, kaka! Si ndiyo uliyorudi kuifuata? Miaka yote umebeba kamera kwenye kazi za wenzako, siku wamekupa ya kwako uongoze ukasema naenda nyumbani. Ukamchukua Mama Neema, muuza mchele wa Chapwa, hajawahi kuigiza hata shuleni, ukampa nafasi ya mama anayemsubiri mwanae aliyevukia Zambia.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mama analia kweli kweli, wote tumetulia, wewe unahangaika na dirisha, unatafuta mwanga. Akakatisha kilio: "We Ambele! Mimi hapa namlilia nani? Unaniangalia mimi au unaangalia pazia?" Tulicheka mpaka bodaboda wa nje wakachungulia. Ukanipa kamera, mimi niliyejifunzia kwenye simu. "Shika, dogo. Nikiishika mimi siwaoni watu." Hukuigusa tena. Ulikuwa unakaa chini kabisa, karibu na miguu ya mama, unamtazama tu.

Sasa yuko nani wa kumtazama?

Juzi alikuja kwangu amevaa lile gauni la kuigizia, amelifua, amelipiga pasi. "Mwanangu, mlangoni tunashuti lini?" Ile sini ya mwisho, mtoto anarudi, mama anafungua. Nikamwambia ukweli. Hakulia, kaka. Bora angelia. Alisema tu, "Kwa hiyo mwanangu atafunguliwa na mtu mwingine?" Akajifunga khanga vizuri, akaondoka.

Mimi wananitaka nipige picha za foleni ya malori mpakani, wazibandike katikati ya sini zao, watu waamini ni huku. Sijawajibu. Kamera ni yao, Jumatatu wanaifuata. Silali. Tangu tukuzike Vwawa kila mtu ananiambia jikaze, nijikaze niende wapi? Ulikuwa na haraka gani, kaka? Zilibaki sini chache tu!

Siahidi kuiokoa tamthilia. Siwezi, mkataba ni wao, na wewe hupo wa kubishana nao. Ila kesho nakwenda Chapwa na kamera hii hii. Nitagonga mlango wa Mama Neema mwenyewe, kamera begani mahali pa mtoto, afungue, amwone mwanae. Haitarushwa popote. Pengine hakuna mtu atakayeiona, na hilo ndilo linaniua.

Lakini atafungua yeye. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, kaka.

Dogo wako,
Joshi