Nani Alikoroga Maji ya Ng'ombe

Bwana wangu, Baba Furaha,

Jua la leo ni lile lile. Tangu asubuhi ng'ombe wanahema midomo wazi huku Ruzizi, na tangu asubuhi nimekukasirikia. Usifikiri kwamba ukishakufa bibi yako hatakugombeza tena. Nitakugombeza mpaka siku nitakapolala karibu yako.

Unakumbuka tulivyoshuka? Vita ilipanda mpaka kwetu kule juu ya Lemera. Watu wa vita walichoma nyumba mchana kweupe, na mama yako, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia, aliungulia ndani huku akiita jina lako. Ulitaka kuingia, wanaume wakakulalia juu mpaka paa likaanguka. Kesho yake tukashusha ng'ombe waliobaki, wewe mbele, mimi nyuma na Furaha mgongoni.

Wale walikuwa ng'ombe wa baridi na ukungu. Huku chini jua liliwapiga kama adui. Walisimama ulimi nje, mate yanachuruzika mpaka magotini, majani hawataki. Maziwa yakakatika. Titi langu nalo lilikuwa limekauka kwa njaa, na Furaha alikuwa amefika mahali ambapo mtoto halii tena, anakutazama tu. Ng'ombe wakifa, na yeye anakufa. Hatukuwa na hesabu nyingine.

Wewe ndiwe uliyewaona wanalamba mafiga, wanalamba mkojo, wanalamba jasho la mgongo wako. "Wanatafuta chumvi," ulisema. "Yote inatoka na mate." Zamani munganga wa ng'ombe wa serikali alikuwa akituletea mawe ya chumvi ya kulamba. Uhuru ulipofika alifunga masanduku yake akaenda kwao Ulaya, na mawe yakaisha. Chumvi ya kula yenyewe ilikuwa imepotea sokoni Uvira kwa ajili ya vita. Basi ukaenda kwenye chemchemi ya maji ya moto kuchota ule udongo mweupe wa chumvi, mimi nikachoma maganda ya ndizi nipate majivu, tukafinyanga hori la udongo kama kwetu juu, tukavichanganya humo na maji. Na kama kwetu juu, anayekoroga ndiye anayeonja kwanza, watu wote wakimwona. Mkono wako ulikuwa mzito, kila mara unazidisha. Nilikucheka: "Weye unawapikia supu?" Tangu hapo nikakoroga mimi.

Wakanywa, Baba Furaha! Walikunywa mpaka matumbo yakajaa, pumzi zikatulia, wakarudia majani hata jua likiwa kali. Maziwa yakaanza kuja, kidogo, ya kulowesha midomo ya mtoto. Siku ile ulicheza peke yako kando ya hori kama mwehu.

Ndipo waasi wakatokea. Vijana wa mikuki na mapanga na bunduki chache, majani yamefungwa kichwani, macho mekundu. Mkubwa wao alitazama ng'ombe wetu wamesimama juani wazima, akatazama yale maji meupe.

"Hii dawa iko ya nini?"

"Haiko dawa," ulisema. "Iko udongo wa chumvi na majivu. Inasaidia ngombe na jua."

"Weye unatuficha. Kama inashinda jua, itashinda risasi!"

Ukawaambia tena, na tena, mpaka wakakupiga kitako cha bunduki mdomoni ukatema jino. Nilikuvuta shati unyamaze. Mtu gani wewe, hata mbele ya mapanga hujui kudanganya! Wakaoga maji ya ng'ombe, wakajipaka mpaka usoni, wakaenda wakiimba kwenye barabara ya Kamanyola, kule askari wa serikali walikokuwa.

Tulisikia bunduki. Nilikuambia tukimbie. Ukasema ng'ombe hawawezi kukimbizwa na jua lile, wataanguka njiani, na mtoto atakunywa nini? Hapo ndipo ninapokukasirikia, ingawa najua ulisema kweli.

Walirudi wachache. Mmoja alikuwa ameshika utumbo wake kwa mikono miwili, akaanguka mlangoni petu. Dawa yao ya risasi ilikuwa na mwiko: mwanamke asiiguse, akiigusa inakufa nguvu. Kila mtu alijua. Mkubwa wao alinishika nywele, akanikokota mpaka kwenye hori, Furaha bado mgongoni, akaweka panga shingoni mwangu.

"Nani alikoroga hii mayi? Ni huyu mwanamuke?"

Mikono yangu ilikuwa bado na majivu kwenye kucha. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," ulisema wewe. "Yeye hakugusa. Niliwachanganyia vibaya kusudi, mufe wote."

Wewe! Wewe usiyejua kudanganya! Na hukunitazama hata mara moja, ili wasione kitu machoni petu. Waliniachilia, wakakugeukia. Walikukata shingoni, walikukata mikono uliyoinua, wakaendelea kukukata ulipokuwa umelala juu ya hori na hukusogea tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Damu yako yote iliingia kwenye yale maji.

Walipoondoka, ng'ombe wakaja. Walikuwa na kiu. Niliwapiga kwa fimbo, niliwatukana, nikamrushia jiwe yule mweupe uliyempenda. Wakarudi. Nikaona ndimi zao zimetoka, nikasikia Furaha anasinzia mgongoni kwa njaa. Nikakuvuta pembeni, nikakufunika kwa kitenge changu, nikatupa fimbo. Wakanywa.

Jioni nilikamua. Furaha alikunywa akashiba, akalala. Sasa ana wajukuu, na anaringa kama wewe. Nimemwambia ulivyokufa. Haya ya maji sijamwambia, nakuambia wewe.

Umebeba neno langu miaka hii yote, bwana wangu. Liweke chini sasa, nilichukue mwenyewe. Aliyekoroga ni mimi. Na leo, kwa jua hili, nimekoroga tena, nimeonja mbele ya watu wote, na ng'ombe wako wamekunywa.

Ni mimi bibi yako,
Mama Furaha