Laptopu Yako Imejaa Harusi za Watu

Baba Neema, mume wangu,

Sisi tupo, hapa Penrith ni joto tu. Nakuandikia kwa hasira. Hiyo laptopu yako itaniua. Nikiiwasha inadai apdeti. Nakubali, kinazunguka kile kiduara, nasonga ugali, tunakula, naosha vyombo. Nikirudi, imegoma, inaanza upya. Na kazini siku hizi mafunzo yote ni ya mtandaoni, hayafunguki bila hiyo apdeti. Nisipoyamaliza sipewi shifti.

Neema akaichungulia, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haina nafasi. Imejaa nini? Harusi! Harusi za Warundi na Wakongo wa Sydney nzima, na ubatizo, na mazishi, vyote umevirundika humo. Nilikuwa nikikugombeza, unanijibu taratibu: "Mama Neema, tulikimbia bila hata picha moja. Wacha niwatunzie."

Neema akasema tufute. Mkono ukakataa. Nikafungua ile harusi ya Liverpool, hapa hapa Sydney, upepo ulipong'oa hema, na wewe ukacheka mpaka kamera ikatikisika. Nakusikia, sikuoni. Nikafungua nyingine, na nyingine. Mwanaume gani wewe, umempiga picha kila mtu, mwenyewe huonekani hata mara moja! Nililia, sikufichi.

Basi nikatangaza kanisani: kila mwenye sherehe yake aje na flashi aichukue, halafu nafuta. Jumamosi wakaja. Viatu vilijaa mlangoni mpaka nje, sambusa zikaisha, ikabidi Neema akimbilie mkate dukani. Wale watoto uliowapiga picha wakibatizwa sasa wananipita kwa urefu. Nilipoona bibi harusi wa Liverpool ameshachukua yake, nikataka kufuta. Akanizuia, akatoa simu.

"Subiri, Mama Neema. Na sisi tunaye."

Kumbe ulipokuwa unawapiga picha wao, wao walikuwa wanakupiga wewe. Umechuchumaa mbele ya keki. Umepanda kiti cha plastiki, shati limetoka nje. Unakula pilau umesimama, kamera begani, huna habari. Karibu kila mmoja alikuwa na yake. Nikawaambia wekeni, wekeni zote humo humo. Tukaziangalia pamoja, watu wanacheka, wanajifuta machozi.

Walipoondoka nikabonyeza apdeti, sijafuta kitu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ikagoma. Haina nafasi.

Nilicheka, baba, peke yangu pale sebuleni. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tukuzike.

Mafunzo nitayafanyia maktabani, nikitoka kazini na uchovu wangu, kwenye foleni na wanafunzi. Shifti sitazikosa, usiwe na wasiwasi. Na hii mashine ibaki ya kizamani hivyo hivyo, idai apdeti mpaka ichoke. Pumzika, mume wangu. Nakuahidi sifuti hata moja, maana sasa na wewe umo.

Mama Neema