Koti la Bluu Lisilo na Pindo

Mwaka umetimia, Mama, tangu mchana ule ulipochomeka sindano yako kwenye mkono wa kochi, ukasema unajilaza kidogo, nasi tukapunguza sauti ya redio ili upumzike vizuri. Hukuamka tena. Sindano tuliiacha palepale kwa wiki kadhaa, na kila mgeni aliyekuja kutupa pole Baba alimwonya, "Kaa huku, pale pana mtu."

Tunakuandikia leo kwa sababu tuna habari zako, na tuna maswali. Maswali ni mengi kuliko habari, lakini hivyo ndivyo ulivyotulea.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa mshonaji wa hospitali. Miaka yako yote ya kazi uliimalizia kwenye chumba cha nguo, jirani na mashine za kufulia, ukiziba mashuka yaliyochanika na kurudishia kamba magauni ya wagonjwa. Kabla ya kulikunja shuka uliupitisha mshono shavuni. Ulisema mgonjwa ana mambo mengi ya kumkera, wewe usimwongezee lako. Nyumbani nako hukujua kupumzika, maana kifungo kinachoning'inia kilikukosesha raha hata kikiwa cha mtu usiyemfahamu. Rafiki mmoja wa Baba alimaliza chai yake kifua kimefungwa taulo, shati liko mikononi mwako, na mpaka leo akija kwetu hujikagua kwanza mlangoni.

Ndiyo maana koti lako la kazi lilitushangaza.

Binti yako mkubwa, ambaye sote hapa nyumbani tunamwita Dada, katika vitu vyako vyote aliomba hilo tu. Yeye ni fundi wa kukata vioo, na dukani kwao koti zito linamwepusha na mengi. Siku ya kwanza kulivaa akaona limemfupia. Akalivua, akaligeuza. Pindo lote la chini lilikuwa limekatwa kwa mkasi, mzunguko mzima, na nyuzi zinaning'inia. Wewe, Mama, na nyuzi zinazoning'inia?

"Baba, nani amelikata koti la Mama?"

"Usiniangalie mimi," Baba akasema. "Mkasi wa mama yenu niliugusa mara moja, nikakata nao waya, na nikakoma."

Kitinda mimba wako, ambaye siku hizi ana ndevu lakini bado tunamwita Bosi, alisema labda lilinaswa na mashine ya kufulia. Dada akatikisa kichwa. Mashine inatafuna, haikati kwa kunyoosha namna ile. Akaendelea kulivaa hivyohivyo, na kila alipoinama juu ya kioo, uzi mmoja au nyuzi mbili za bluu zilibaki mezani, naye akaanza kujiuliza upya.

Sasa habari za wenzako. Chama cha Viporo kipo na kina afya. Bado wanakutana Jumamosi alasiri kwenye chumba kilicho juu ya duka la kinyozi, kwenye meza ileile ndefu, wanashona mablanketi ya viraka. Hawa ni watu ambao kila mmoja ana kabati lililojaa mablanketi aliyoyaanza kwa mbwembwe na kuyatelekeza, wakaapiana kwamba hakuna kuanza jipya kabla kiporo cha zamani hakijaisha. Sheria aliitunga Mwalimu mstaafu, na wa kwanza kuivunja alikuwa yeye. Yupo Mama Pacha, anayeshona haraka na kufumua haraka zaidi. Na yupo Kinyozi mwenyewe, mwanaume pekee, aliyepanda ngazi siku moja kulalamikia vicheko akashuka amekabidhiwa sindano.

Hatukujua, mpaka ulipotutoka, kwamba wana utaratibu mwingine. Mwenzao akiondoka, viporo vyake vinakuwa vya chama, na lazima viishe kabla mwaka haujazunguka. Tena mtu mmoja wa nyumba yake aje akae kwenye kiti chake mpaka kazi ikamilike. Tulitazamana. Dada, ambaye hakuwahi kushona hata soksi, akasema ataenda yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kushona unajua?"

"Najua kukata."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Kaa kwa mama yako. Kiti hicho kinalia upande wa kushoto, usishtuke."

Viporo vyako vilikuwa vitatu. Viwili havikusumbua, vilibaki kuzungushiwa ukingo tu. Cha tatu kilikuwa chini kabisa ya kabati, ndani ya foronya ya zamani, na hakikuwa na mshono hata mmoja. Vilikuwa viraka vitupu, mafungu kwa mafungu. Dada alipovimwaga mezani akaanza kuvitambua. Zilikuwa nguo zetu. Kumbe kila mtoto alipolipita vazi, ulikuwa unalikata viraka vya inchi sita na kuviweka. Lilikuwepo gauni lake la kijani lenye nukta nyeupe, yakaja mashati ya mwanao wa kati, kisha pajama za Bosi zenye picha za magari. Miaka kwa miaka ulifanya hivyo, na hakuna aliyekuona ukikata.

Wakagawana kazi. Mama Pacha akashona mistari ya viraka vya Dada, Mwalimu vya wa kati, Kinyozi vya Bosi. Jumamosi iliyofuata wakailaza mistari mezani, mmoja chini ya mwingine, viraka idadi sawa.

Haikulingana. Ya Dada iliishia mapema, ya wa kati ikaipita kidogo, na ya Bosi ikaenda mbele upana wa kiganja mzima.

"Mama Pacha, umekula mshono, umekunja kitambaa kingi mno," Mwalimu akasema.

"Mimi? Fumua upime."

Wakafumua, wakapima. Mshono haukuwa na kosa. Viraka vyenyewe havikuwa sawa. Vya Dada vilikuwa vidogo kuliko vyote, vya Bosi vikubwa kuliko vyote. Na kwa bahati mbaya Bosi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, amekuja kumchukua dada yake. Alitazama meza, meno yote nje.

"Siku zote nilijua nilipendwa," akasema, "lakini sikujua kwamba nilipimiwa."

Chumba kizima kilicheka, na Dada alicheka nao. Ametuambia baadaye kwamba alicheka huku anaukunja na kuukunjua mstari wake wa kijani.

Unajua mwenyewe, Mama, ilivyokuwa. Dada alipokuwa mdogo ulikuwa unashika zamu mbili. Alijifunza kupika amesimama juu ya stuli, akawaogesha wadogo zake, akaijua saa ya ukutani kuliko alivyojua michezo ya wenzake, kwa kuwa mshale ukifika pale chini ndipo wewe unarudi. Bosi alipozaliwa ulikuwa umeshahamishiwa mchana, ulikuwa na nafasi, ulikuwa na hadithi za kabla ya kulala. Dada hakuwahi kulisema hilo. Alilimeza tu, akalifunika na kazi. Sasa viraka viko mezani, vidogo, mbele ya watu.

Jioni ile alipomletea Baba chai akamuuliza, bila kuzunguka. "Baba, Mama alinipunja?"

Baba hakuelewa, mpaka alipoelezwa habari ya viraka. Akakuna kidevu.

"Mama yako alipima kila kitu kwa futi ileile moja ya kupimia nguo," akasema. "Ile ya manjano. Tangu hujazaliwa. Mimi nilimnunulia nyingine, akanishukuru sana, akaitia kabatini."

Dada akaishika chai yake mkononi bila kuinywa. Futi moja, ya kitambaa, miaka yote ile. Kwenye vioo hakuna kubembeleza: ukikosea unene wa ukucha, kioo hakiingii kwenye fremu na hakirudi kuwa kizima. Kwa hiyo kwao hakuna anayepimia kitambaa. Wote wana futi za chuma.

Jumamosi iliyofuata alitoka kazini moja kwa moja, koti lako bado mwilini, futi ya chuma mfukoni. Akailaza mezani. Kando yake akailaza ile yako ya manjano, akazilinganisha mwanzo. Wakainama wote wanne. Namba zilianza pamoja vizuri, kisha zikaanza kuachana taratibu. Mwishoni yako ilikuwa imeipita ya chuma kwa vidole viwili.

"Kumbe futi nayo inazeeka," Kinyozi akasema.

"Ila yenyewe inarefuka," Mwalimu akasema. "Sisi tunafupika."

Ilikuwa imevutika, Mama. Shingoni, mkononi, kwenye mashuka ya hospitali, imevutwa na kuvutwa. Inchi sita ulizokata ikiwa mpya zilikuwa sita kweli. Ulipofika kwa Bosi, sita yako ilikuwa sita na ziada. Kwa hiyo katika blanketi zima, viraka vilivyopimwa sawasawa vilikuwa vya Dada peke yake.

Alikaa chini. Kiti kikalia upande wa kushoto.

"Basi dawa yake rahisi," Mwalimu akasema, mkasi tayari mkononi. "Tunavipunguza vyote viwe kama hivi vya kijani."

"Mnanikata mimi sasa," Bosi akasema. Siku hiyo alikuwa amekuja mapema, eti kusaidia.

"Ngojeni kwanza," Dada akasema. "Kuna kiraka changu kimoja hakipo, mstari wangu wa mwisho umepungukiwa. Tusikate kabla hatujakipata."

Akaichukua foronya, akaigeuza ndani nje, akakung'uta. Kwenye kona, kimejikunja, kilikuwepo kiraka cha kijani cha nukta nyeupe. Lakini hiki kilikuwa kimevikwa. Pande mbili zilishonewa kitambaa chembamba cha bluu, upande wa tatu umeshikizwa pini, wa nne ulikuwa bado mtupu, na kipande chake kimening'inizwa kwa uzi ili kisipotee. Mshono ulikuwa wako. Hakuna mwingine anayeshona mishono midogo hivyo. Dada alivishikilia kwa vidole vipande vya upande wa tatu na wa nne, akakilaza juu ya kiraka cha Bosi. Kikakaa pembe kwa pembe.

Ulijua, Mama. Kumbe ulijua, na hukutaka kumpunguza mtu.

Mama Pacha alikuwa anaitazama ile bluu. Kisha akamtazama Dada, chini, pale koti linapoishia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hebu simama."

Dada akasimama. Mama Pacha akakishika kiraka, akakileta kwenye ukingo wa koti, pale nyuzi zilipokuwa zinaning'inia. Bluu kwa bluu, na hata doa moja la maji ya kufulia lilianzia kwenye koti likaishia kwenye kiraka. Dada alikuwa ameyabeba majibu mgongoni karibu mwaka mzima, akiyavaa na kuyavua, akiyatundika kwenye msumari wa duka la vioo.

Alilipenda koti lile kuliko anavyoweza kueleza. Bado lilikuwa na harufu ya sabuni yenu ya hospitali kwenye kola. Alilivua, akalilaza mezani, akalinyoosha kwa viganja, na Mwalimu alipoinua mkasi akamzuia.

"Hapana, Mwalimu. Kukata ni kazi yangu."

Alipima kwa futi ya chuma. Hakukosea mahali. Kila kiraka cha kijani alikizungushia bluu pande nne, na kabla ya kukiweka chini alikipitisha shavuni. Hakuna aliyemfundisha. Viraka vya wa kati vilihitaji pande mbili tu, naye, kama kawaida yake, hakulalamika. Vya Bosi havikuhitaji kitu, na siku hizi anadai ametengwa.

Blanketi limekwisha, Mama. Liko kwenye kitanda cha Baba, ambaye anasema ni zito kidogo, na ukitaka kulitoa hakuruhusu. Koti limeisha lote isipokuwa mfuko mmoja. Dada ameushona upande wa nyuma, kwenye kona, na ndani yake ameiweka futi yako ya manjano, imekunjwa ulivyokuwa unaikunja.

Bado tunajiuliza. Uligundua lini? Baba anadhani ni baada ya kustaafu, ulipokuwa huna tena haja na koti. Mwalimu anasema uligundua zamani, ulikuwa unaona haya kutuambia. Na ile futi mpya ya Baba, kwa nini hukuitoa hata kwenye karatasi yake? Hayo tumeyaacha. Lile swali moja la Dada, alilolibeba tangu siku za kukungoja kwa saa ya ukutani, hilo umelijibu, na siku hizi anapita mbele ya saa ile bila kuitazama.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hajaugusa tena mkasi wako. Na binti yako mkubwa, fundi wa vioo, ambaye ameanza kiporo chake mwenyewe. Na mwanao wa kati. Na kitinda mimba wako Bosi. Na mkweo na wajukuu wanaogombania upande wenye magari. Na Mwalimu, Mama Pacha na Kinyozi, ambao kiti chako hawajakiondoa, na wamekataa kisirekebishwe.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na siku zikirefuka, tutakukumbuka na ile ziada.