Hamisi Hakuuza Tairi

Jumanne, baada ya magharibi

Hamisi hakuiba tairi! Na mimi ndiye niliyesimama mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, nikasema dereva wetu kauza tairi mpya za nyuma za pikapu huko Kanyenye mjini akatufungia kuukuu. Akanyang'anywa ufunguo.

Leo mwanangu Rashidi, fundi asiye na mfano Tabora nzima, kaja kuitazama pikapu ya kijiji. Kanishikisha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kulia, kisha kushoto. Kushoto uzi ulizidi vidole vitatu.

"Ekseli imekaa mshazari, mama. Bolti ya springi imekatika, ndiyo maana tairi hizi mpya zimelika upande upesi hivi. Nani anapakia mzigo wote kushoto?"

Ni mimi. Kila tukitoka Kaliua nayapanga madebe ya asali kushoto, ili kulia nitandike mkeka nikae kama bibi harusi.

Hamisi akapita. "Shikamoo, mama," kama siku zote. Nikaitikia marahaba huku nikiukunja uzi.

Rashidi najivunia, wallahi, lakini leo nilitamani angekuwa fundi cherehani.

Nitasema mwenyewe, nikisimama palepale. Wote wanakuja mkutanoni Ijumaa, baada ya swala.