Jeni na Jini

Jumatatu, 2 Juni

Presha za watu kumi na wawili kabla ya chai. Mashine moja inasoma uongo, nimeiweka kando.

Saa tano akaja Mama Nkwimba wa Ngulyati, mwenye saratani ya ini, na mkamwana wake Holo aliyembebea mfuko wa vyeti. Vipimo vilishatoka Mwanza, ilibaki ridhaa tu. Dawa yenyewe ni ya majaribio, na kazi yangu hapa Bariadi ni kumwelewesha mgonjwa ndipo aweke dole gumba kwenye fomu. Holo akatoka kutafuta maji ya kunywa. Sikumsubiri. Nikaeleza kama nilivyofundishwa: kuna jeni inayouambia uvimbe ukue. Dawa inainyamazisha. Ikiingia mwilini peke yake damu inaiharibu njiani, kwa hiyo imefungwa ndani ya vitone vidogo sana vya mafuta, na vitone hivyo huishia kwenye ini.

Mama akanishukuru. "Wabeja, ng'wanawane. Nilisema tangu mwanzo hili ni jini. Hata waganga wetu hulifukuza kwa mafuta ya kondoo."

Nilimsikia vizuri. Nikamsogezea wino.

Jumanne, 3 Juni

Niandike ukweli, hakuna anayesoma humu. Sikupitiwa. Wagonjwa wawili kabla yake walikataa waliposikia neno majaribio, na daktari wa Mwanza anayesimamia utafiti alishaanza kuniuliza kama huku nafanya kazi au napiga soga. Mama alikuwa ameshakubali. Ningemsahihisha, maswali yangeanza upya, pengine angeondoka. Nilitaka kuwa nesi aliyepata mtu.

Daktari amepiga simu kunipongeza. Nikacheka naye. Aibu.

Alhamisi, 5 Juni

Dripu ya kwanza imeingia, Mwanza. Homa kidogo, ikashuka. Holo ndiye aliyemuuguza wodini. Ya pili ni baada ya wiki tatu, tarehe 26. Akichelewa zaidi ya siku tano anatolewa kwenye utafiti.

Nimejiambia dawa haijali mgonjwa anaiitaje. Nimejiambia mara nyingi mno.

Jumatano, 18 Juni

Mama amekuja kutolewa damu. Peke yake, kwa bodaboda. Anakula, analala. Anasema jini limenyamaza. Kisha, wakati natafuta mshipa, akauliza: si lilitumwa? Sasa aliyelituma ni nani?

Nikasema tuliza mkono, mama, nisije nikakuchoma vibaya. Hilo ndilo jibu nililompa.

Holo yuko wapi, sikuuliza. Niliogopa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Ngulyati kwa kisingizio cha kupeleka vidonge vya kichefuchefu. Pamba imerundikwa uani, haijachambuliwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Holo.

Masanja, mume wa Holo, amenieleza bila kunitazama. Mama alikaa akawaza: nani anampikia, nani anamwekea maji ya kuoga, nani alikuwepo siku tumbo lilipoanza kuvimba. Kila mara jibu lilikuwa Holo. Wamemrudisha kwao Mwanhuzi. Majirani wameshaanza kumwita mchawi. Masanja anasema mama hakukisia, alithibitishiwa hospitali.

Hospitali ndiyo mimi.

Nimekunywa uji wao nikaaga. Sina uso.

Jumatatu, 23 Juni

Nimempigia daktari, nimemwambia yote. Akasema ridhaa ile si ridhaa. Mama aelezwe upya mbele ya shahidi anayemwamini, akubali au akatae. Bila hivyo hakuna dripu. Na mimi niandike barua ya maelezo.

Nimeandika. Mistari minne, saa nzima.

Jumanne, 24 Juni

Ngulyati tena. Safari hii sikubeba vidonge. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua pamba mwenyewe, tumbo linamzuia kuinama. Nikapiga magoti. Nikamwambia hakuna jini. Ni jeni, maagizo yaliyomo ndani ya kila mwili, na kwake moja imeharibika. Hakuna aliyeituma.

Aliendelea kuchambua.

"Siku ile ulinisikia?"

Ndiyo, mama.

"Ukaniacha niweke dole."

Ndiyo.

Hakupiga kelele. Bora angenipiga. Akasema hakiingii kitu mwilini mwake hadi Holo arudi, na shahidi ni Holo, si mwingine. Masanja amewasha pikipiki saa hiyohiyo kwenda Mwanhuzi.

Ijumaa, 27 Juni

Tarehe ya dripu ilikuwa jana. Imepita. Masanja amerudi peke yake, Holo hakutoka hata nje kumsalimia. Zimebaki siku nne, mwisho ni Jumanne. Mama analalamika tumbo linajaa tena.

Nimechanganya mafaili mawili leo, mwenzangu akauliza kama naumwa. Nikasema malaria. Hata hapo nikadanganya.

Nimeomba ruhusa. Kesho nakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 28 Juni

Mwanhuzi. Jua, vumbi, ng'ombe njia nzima. Baba yake Holo akanikalisha nje, maji nikapewa. Nikasema mbele ya wote: kosa ni langu, si la binti yenu. Nilisema kwa Kisukuma, lisiwepo neno la kujifichia.

Holo alisikiliza akiwa mlangoni. Nimerudi na gari la mchana bila jibu.

Jumatatu, 30 Juni

Saa mbili asubuhi walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Mama, na Holo pembeni yake na ule mfuko wa vyeti. Nikasalimia, mwangaluka. Mama akaitikia. Holo hakuitikia.

Nikaeleza kwa Kisukuma, polepole. Nilipofika kwenye neno lile, Holo akanisimamisha kwa mkono.

"Sema tena."

Jeni.

"Tena."

Jeni.

Akamgeukia mkwewe. "Mayu, mwili wako umekosea wenyewe. Hakuna mtu."

Mama akamshika goti, akauacha mkono pale. Kisha akaniuliza kama anaweza kukataa. Nikasema anaweza, hata sasa, na hatanyimwa matibabu mengine. Mara ya kwanza hilo nalo nililipita mbio.

Akafikiri. Akaweka dole. Holo akamfuta wino kwa pembe ya kitenge chake, akaandika jina lake lote kwenye nafasi ya shahidi. Kesho asubuhi wanakwenda Mwanza, wote wawili.

Walipoondoka nikaitoa fomu ya kwanza niifungie kwenye faili. Kwenye nafasi ya shahidi kuna sahihi moja, nadhifu kabisa. Ni yangu.